Aproni ya Tatu

Dukani kwetu kuna aproni tatu, na sisi tuko wawili. Ya mume wangu imekakamaa kwa gundi, akiivua karibu isimame yenyewe. Yangu ina mifuko minne, maana niliishona kwa mkono wangu na najua ninachotaka. Ya tatu ni ya kahawia, inaning'inia kwenye msumari wake nyuma ya mlango, na hiyo ni ya Shetani.

Mnaweza kucheka. Hata mimi nilicheka miaka ya mwanzo.

Kazi yetu ni fremu za picha. Watu hutuletea harusi zao, vyeti vyao na marehemu wao, nasi tunawapa mbao nne na kioo ili wasiingiwe na vumbi. Mume wangu anakata mbao na vioo. Mimi nakata kadibodi, nanyoosha kingo za picha, nafuta vioo kwa gazeti kuukuu, na nagombana na wateja, kazi ambayo yeye haiwezi kwa sababu hana roho ya kumwambia mtu hapana. Mtaa mzima unamwita Fundi. Mimi namwita Baba Watoto, ingawa watoto wenyewe wameshaoa na kuolewa na wana makwao.

Sasa, Fundi akiharibu kitu, hasemi ameharibu. Kioo kikipasuka mahali pasipotakiwa, au mbao ikitoka fupi kwa nusu kidole, anashusha pumzi na kusema, "Shetani kanipitia." Kisha anaitungua ile aproni ya kahawia, anatoka nayo mlangoni, mkono mmoja ameushika mfuko wake na kwa mkono mwingine anakung'uta upindo kwenye mwimo, pa, pa, pa, huku akimkaripia mtu nisiyemwona. "Toka! Nenda kwa fundi viatu!" Fundi viatu wa ng'ambo ya barabara naye hujibu bila kuinua kichwa, "Mrudishe huko huko, mimi ninaye wangu!" Basi Fundi anarudi ndani, anaitundika aproni, na kuanza kazi upya akiwa mwepesi kama mtoto aliyetoka kuogeshwa.

Mimi huyo Shetani wake simkubali. Yeye anasema Shetani yupo, ni kiumbe kamili, ana akili zake na saa zake za kazi, na vitabu vyote vitakatifu vinamtaja. "Sasa wewe na kadibodi zako unajua kuliko vitabu?" Mimi nasema Shetani ni jina tulilolipa ubaya wetu ili tusiuite kwa majina yetu. "Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako," namwambia. "Hawakusema ki nguoni mwa Shetani." Hapo anacheka hadi mabega yanamtikisika. Nampenda akicheka hivyo, na nadhani ndiyo maana ubishi wenyewe haukuisha.

Lakini mimi sikuwa nabishana kwa kupenda elimu ya dini. Nilikuwa na kesi yangu.

Chumbani kwetu, juu ya kitanda, kuna picha yangu nikiwa na miaka sita. Nimekaa kwenye kigoda, soksi moja imepanda na nyingine imeshuka, na begani kwangu kuna mkono. Mkono tu, hadi kwenye kifundo. Mwenye mkono alikuwa mama yangu, aliyesimama kando yangu siku hiyo, na mume wangu alimkata.

Tulikuwa na mwaka mmoja wa ndoa. Nilimpa picha nzima aiweke kwenye fremu, na jioni akanirudishia bila mama. Alisema alikosea vipimo, fremu ilikuwa nyembamba, alikuwa na haraka. "Shetani alinipitia, mke wangu. Nisamehe." Nikamuuliza kipande kiko wapi. Akasema kimechomwa pamoja na takataka. Miezi minne baadaye mama akafariki ghafla, na mama hakuwa mtu wa kupiga picha. Ile ndiyo ilikuwa picha yake pekee.

Nilimsamehe, au nilisema hivyo. Mwaka wa tano, nilipokwisha kuielewa kazi, niliitoa picha kwenye fremu niifute, nikautazama ule mkato. Mkono ukiteleza, kisu huyumba. Mwenye haraka hukata kombo, na mimi nimeona makosa ya haraka ya kutosha kujaza debe. Ule mkato ulikuwa umenyooka kutoka juu hadi chini, umewekewa rula ya chuma, umepitishwa kisu mara moja tu, kwa utulivu. Ulikuwa mkato mzuri kuliko yote aliyowahi kukata mume wangu.

Sikumwambia kwamba nimejua. Niliirudisha picha ukutani nikaanza kusubiri. Sikutaka apige magoti, wala sikutaka zawadi. Nilitaka maneno mawili tu: ni mimi. Nimeishi miaka thelathini na miwili na mwanamume anayenichemshia maji ya kuoga kabla sijaamka, anayenivua viatu miguu ikivimba, na kila nikilikaribia jambo hilo anamtanguliza Shetani mbele yake. Shetani akiwepo, basi mume wangu hakunifanyia lolote, na mimi niliumizwa na upepo. Ndiyo maana sikumkubali awepo. Hata aproni yake siigusi. Wateja wakiniuliza kwa nini haifuliwi, nawajibu kwamba siwezi kumfulia mtu asiyekuwepo.

Mwezi uliopita akaja Mkunga. Amestaafu, amevuka sabini, na nusu ya watu wa mtaa huu walipokewa na mikono yake walipokuja duniani, kwa hiyo anatutazama sote kana kwamba anajua tulivyokuwa bila nguo. Aliweka mezani picha ya familia yake: yeye katikati, watoto watatu, na pembeni kabisa marehemu mumewe. Aliitaka saa sita mchana, maana wanawe walikuwa njiani. Nikamwambia saa sita ni karibu mno. Akapitisha kidole juu ya fremu za maonyesho, akakitazama kidole, akasema, "Mngefanya kazi kwa bidii mnayobishana nayo, vumbi lisingepata pa kukaa."

Aliondoka akaniacha nachemka. Fundi alikuwa uani anapiga mbao msasa. Nikailaza picha mezani ninyooshe ukingo wake, nikaweka rula, nikashika kisu, na mdomoni nilikuwa namjibu Mkunga yale yote niliyokosa kumjibu usoni. Haraka haraka haina baraka, na hasira haina hata macho. Rula ikasogea. Nilipotazama, kisu kilishapita, na marehemu mume wa Mkunga alikuwa vipande viwili: uso na kifua upande huu, sikio, bega na mkono mzima upande ule.

Nilipiga yowe. Fundi akaja mbio, vumbi la mbao hadi kwenye nyusi. Na hapa nitasema ukweli ingawa unaniaibisha: kabla sijafikiri chochote, mdomo wangu ulifunguka wenyewe ukasema, "Shetani kanipitia."

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Nikangoja anicheke. Ningekuwa yeye, ningemcheka wiki nzima na fundi viatu ningemwita aje asikie. Hakucheka. Alivaa miwani, akavichukua vile vipande, akavipeleka dirishani kwenye mwanga, akaufuata mkato kwa ukucha kutoka juu hadi chini.

"Hata," akasema. "Njoo uone, umekwenda kombo. Hapa umeyumba, na hapa umeyumba tena. Wewe umeteleza kweli, Mama Watoto. Usijitese, kuteleza si kuanguka."

Alisema kwa upole wake wote, kisha ukucha wake ukaganda juu ya mkato. Alikuwa amenitetea kwa ushahidi uleule niliokuwa nimemhukumu nao yeye kwa miaka yote hiyo. Nilimwona shingo ikimwingia mabegani. Alijua alichokisema, na alijua kwamba nimesikia.

Kabla yeyote hajafungua mdomo, Mkunga akaingia. Saa sita ilikuwa mbali, ila alikuja kutusimamia.

"Iko wapi picha yangu?"

Mume wangu akageuka na vipande mkononi. "Mama, ni mimi," akasema. "Nimeikata mwenyewe. Ni mimi."

Miaka yote hiyo niliyangojea maneno hayo mawili, na siku yalipotoka yalikwenda kwa mtu mwingine, tena juu ya kosa lisilo lake. Nilitaka kumchapa kwa rula. Nilitaka pia kumkumbatia pale pale mbele ya mteja, na sikujua nianze na lipi.

"Anasema uongo," nikasema. "Ni mimi, mama. Ulinikasirisha, nikakata bila kutazama. Nisamehe."

"Usimsikilize, mama. Mimi ndiye fundi hapa."

"Fundi gani? Wewe si ulikuwa uani na mbao zako?"

"Nilikuwa narudi!"

"Ukarudi na nini, na mabawa?"

Mkunga alitutazama mmoja baada ya mwingine. Akavuta kiti, akaketi. "Nimezalisha miaka thelathini na minane," akasema. "Nimewasikia watu wakimlaumu Shetani, wakimlaumu jirani, wakimlaumu hata mtoto aliye tumboni. Watu wazima wawili wanaogombania kosa sijawahi kuwaona. Hebu nipeni hiyo picha."

Akaviweka vipande magotini pake. Nikatamani ardhi inimeze, maana nilijua kabisa anachokitazama. Mimi hulala chini ya picha ya namna hiyo. Kisha akacheka kidogo, huku machozi yanamtoka. "Huyu baba alichukia kupigwa picha," akasema. "Mpiga picha alimwomba atulie kidogo tu, hakuweza. Ona, bega lilishaanza kuondoka. Naona leo limefika." Akajifuta macho kwa kiganja. "Mnaweza kumrudisha?"

"Namrudisha, mama," akasema Fundi. "Keti tu hapo."

"Basi mrudishe. Na mkimaliza kugombania, mfute hayo mavumbi."

Nilikaa nikamtazama mume wangu akifanya kazi. Alipaka gundi kwenye karatasi nyembamba, akailaza picha juu yake, akaisogeza ile sehemu ya pili kwa ncha ya sindano, polepole, mpaka sikio likarudi kichwani na bega likarudi shingoni. Akakandamiza kwa kioo kizito, akangoja, akapuliza. Ukiwa mbali hukuoni kukatwa kokote. Ukikaribia unaona mstari mwembamba, unywele tu. Mkunga aliipokea ikiwa ndani ya fremu yake, akaikumbatia kifuani, na alipotoka hakupitisha kidole popote.

Tukabaki wawili.

"Kumbe huwa inaungika," nikasema.

Alikuwa anafuta sindano ambayo ilikuwa safi.

"Baba Watoto. Mkato wangu umekwenda kombo. Wako ulinyooka."

Akaivua miwani akaiweka mezani. "Tangu lini unajua?"

"Tangu mwaka wa tano."

"Na ukakaa?"

"Nikakaa. Ningekwenda wapi na makadibodi yangu?"

Hakucheka. Aliketi kwenye kiti alichokiacha Mkunga, akaitazama mikono yake. "Mama mkwe alikuja siku moja kabla," akasema. "Wewe ulikuwa umetoka. Duka limejaa watu. Akasema, 'Huyu mwanamume kazi yake ni kutundika sura za wenzake. Yake mwenyewe haina pa kutundikwa.' Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, ningefanyaje? Kesho yake picha yenu iko mezani, na mama ananitazama vile vile. Nikaweka rula." Akaitazama rula mezani. "Sikuteleza. Nilijua kisu kinakwenda wapi. Na kilipopita, mke wangu, nilifurahi. Ile furaha ndiyo iliyonitisha. Nikasema nitakwambia hasira zikipoa. Mama akafa kabla hazijapoa."

"Basi ukamtafuta Shetani."

"Nikamtafuta Shetani. Maana nikisema hayupo, yule aliyefurahi ni mimi, na wewe unalala naye kila siku."

"Ni wewe," nikasema. "Nimelala naye miaka thelathini na miwili na ananikoromea sikioni. Unadhani simjui? Zimwi likujualo halikuli likakwisha."

Hapo akainua uso, macho yamejaa. "Ni mimi," akasema. "Ule mkato ni mimi. Nisamehe."

Kwa jinsi nilivyoisubiri siku ile, nilikuwa na hotuba. Nilikuwa nimeipanga miaka mingi, nikifuta vioo, ina mwanzo na mwisho na mahali pa kunyooshea kidole. Yote ilipotea. Nilimshika kichwa nikakiegemeza tumboni kwangu, pamoja na vumbi lake la mbao, na tukalia kama wajinga wawili mchana kweupe mlango uko wazi. Nilimpenda sana wakati ule. Sijui kama nimewahi kumpenda zaidi.

Baadaye akainuka, akaenda nyuma ya mlango, akaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni ya kahawia. Akatoa vipande viwili vya kadibodi vilivyofungwa kwa uzi. "Sikukichoma," akasema. "Hapo pia nilikudanganya. Hii ndiyo aproni niliyoivaa siku ile. Kuivaa tena sikuweza, na kuitupa sikuweza."

Nikaukata uzi. Ndani alikuwa mama. Mkoba wake umekaa kwenye kiwiko, midomo ameibana, ananitazama kana kwamba nimechelewa kurudi nyumbani. Nilikuwa nimeusahau uso wake ulivyo hasa; nilikuwa nakumbuka kukumbuka tu. Ndipo nikaelewa kwa nini mume wangu akiikung'uta ile aproni hupiga upindo peke yake, na mkono mmoja ameufunika mfuko.

"Umemweka mama yangu mfukoni mwa Shetani," nikasema. "Miaka yote hii!"

"Ndipo mahali pekee ambapo hugusi."

Nilianza kucheka, na machozi yangu hayajakauka. "Kama yupo kweli huyo Shetani wako," nikamwambia, "basi mama ameshamnyoosha. Saa hizi hata kufagia anajua." Na Fundi akacheka, mabega yakamtikisika, akashika meza asianguke. Fundi viatu alichungulia kutoka ng'ambo akauliza kama kuna msiba au harusi.

Aproni ya kahawia niliifua kesho yake, mara mbili, na maji ya kwanza yalitoka meusi. Fundi akanikumbusha kwamba mimi simfulii mtu asiyekuwepo. Nikamjibu kwamba namfulia mume wangu. Kuhusu Shetani mwenyewe hatujaelewana hadi leo. Yeye anasema yupo, kwa sababu ile furaha hajui ilitoka wapi. Mimi namwambia hata kama alikuja, alikuja mikono mitupu. "Kisu ulikishika wewe," namalizia. Hapo anakuna kichwa na kuniambia ninyamaze kidogo, anapima.

Picha yangu aliiunga kwa siku mbili. Alitengeneza fremu mpya, pana, akaipima mara nne na mimi nikihesabu kwa sauti. Mkono ulio begani kwangu umepata mwenyewe. Mstari unapita kwenye kifundo chake, umenyooka kutoka juu hadi chini, na kwa sababu umenyooka hivyo unaonekana zaidi kuliko ule wa Mkunga. Fundi aliukazia macho kwa muda mrefu.

"Nina rangi inayofanana," akasema. "Naweza kuufunika. Hakuna atakayejua."

"Uache," nikasema. "Huo mstari ni wewe. Mama alisema sura yako haina pa kutundikwa. Basi tundikwa hapo, kati yangu na yeye, akuone kila siku."

Alisimama, midomo inamcheza. Kisha akaenda kutafuta nyundo.